Mkeka Nilioutoa Kwenye Kasha la Mama

Nianze na aibu yenyewe, maana nikianzia mbali nitajipamba. Mama alikuwa amekwenda Mchinga kwenye arobaini ya shangazi yake. Nikalifungua kasha lake, nikatoa mkeka aliojisukia wa kuzikiwa, nikautoa upelekwe shule ukatundikwe ukutani. Kuna watu wananitetea, eti labda hukujua, labda ulidhani ni mkeka tu. Nilijua.

Kwa wanawake wa upande wa mama, mtu akishapata wajukuu hujisukia mkeka wake wa mwisho. Hautiwi rangi hata kidogo. Ukili wake, yaani ule utepe wa ukindu unaosukwa kwanza kabla ya kushonwa uwe mkeka, ni mwembamba kuliko kidole cha mtoto, na mkeka wenyewe ukiukunja unakunjika kama kanga. Siku ikifika, mwenyewe analazwa juu yake kwenye jeneza, kisha kaburini mkeka huo huo unafunika mbao, udongo usimdondokee. Mtu baki hausuki. Ausuke mwenyewe, au mtoto aliyemzaa, basi.

Mama alianza kusuka wake baada ya kumzika baba. Baba alifariki ghafla, mkeka ukaazimwa kwa jirani, wa plastiki, ile ya madukani yenye maua. Ulikuwa mfupi. Mjomba aliyeingia kaburini alirudi akamwambia mama, kwa upumbavu wake, kwamba udongo ulipita pembeni ukammwagikia mzee miguuni. Mama hakulia pale. Wiki iliyofuata alikwenda kutafuta ukindu. Ilimchukua misimu mitatu ya korosho kuumaliza, kwa sababu alikuwa anasuka mikeka mingine ya kuuza, na huu alikuwa haugusi bila udhu. Alipomaliza akaukunja, akauweka kashani pamoja na sanda, pamba na kichupa cha marashi. Mimi ndiye niliyemshikia kifuniko.

Sasa shule. Sitaitaja. Iko Lindi mjini, na kutoka kwetu Mitwero unafika kwa bodaboda kabla jasho halijakukauka. Nilisoma pale mpaka kidato cha tatu, nikapata mimba. Enzi hizo mimba ilikuwa begi lako na geti. Mwalimu wa nidhamu alinisimamisha mstarini asubuhi, wenzangu wanatazama viatu vyao, akasema wasichana wenye tamaa mwisho wao ndio huu, mtazameni vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Aliyenipa mimba alikuwa mstari wa nyuma na alimaliza kidato cha nne salama salimini. Mtihani mimi nilikuja kuufanya baadaye, mtahiniwa wa kujitegemea, nasoma huku nanyonyesha, na nikafaulu. Lakini cheti hakikuufuta ule mstari. Kila nilipopita nje ya shule ile niligeuza uso upande wa pili wa barabara, mimi, mama mzima mwenye genge langu na binti yangu wa darasa la tatu.

Ndiyo maana mwalimu wa sanaa aliponikuta, alinikuta nikiwa tayari mgonjwa wa ule mstari.

Alikuja gengeni kununua nazi. Mwanamke wa makamo, mgeni katika shule ile, hakuwa na habari zangu. Akaacha nazi, akainama kuangalia mkeka nilioutandika chini ya nyanya. Akauliza kausuka nani. Nikasema mama. Akauliza kama mama yu hai. Nikamwambia mwalimu, hilo swali gani asubuhi yote hii. Akacheka, akaomba radhi, akaniambia kisa chake.

Alipofika shuleni alipewa stoo ya madawati mabovu. Yeye na wanafunzi wake wakayatoa madawati, wakapaka chokaa, wakapanua dirisha la upande usiopigwa na jua, wakaandika juu ya mlango: Makumbusho ya Sanaa. Watu walicheka. Makumbusho gani hayana hata mkuki mmoja wa mababu. Lakini yeye alikuwa na sharti lake, kwamba msanii lazima awe hai. Alisema waliokufa wana wasifiaji wa kutosha, walio hai ndio wanaoteseka kupunguziwa bei sokoni. Kila muhula walikuwa wanamchukua mtu mmoja wa pwani hii au wa bara yake, wanatundika kazi zake, na siku ya ufunguzi gari la shule linamfuata nyumbani. Anakaa mbele. Wanaomuuliza maswali ni wanafunzi, mgeni rasmi anasikiliza tu. Shule inampa vitendea kazi ili asiache kazi yake, na kwa muhula huo anafundisha kila Alhamisi jioni. Naye anaiachia shule kazi moja. Wa kwanza alikuwa mchonga mpingo kutoka uwanda wa Makonde, akapewa patasi. Wa pili kijana anayechora kwenye milango ya saluni, akapewa brashi na makopo ya rangi. Wa tatu alitaka awe mama.

Nilipomweleza mama kwamba shule inamtaka kama msanii, alinitazama kama nimemtukana. Kwetu msanii ni anayeimba redioni, au ni tapeli.

"Msanii? Mimi nimemtapeli nani?"

Nikamweleza tena, taratibu. Akafikiri, akasema wachukue ile minne ya rangi iliyo chumbani, wakiirudisha sawa, na wasipoirudisha wajifunze kusuka wenyewe. Kesho yake akaondoka kwenda Mchinga.

Mwalimu alikuja kuichukua hiyo minne. Akaitandaza sebuleni, akaipenda, akapiga picha. Halafu akauliza kama hakuna mmoja ambao mama aliusuka bila kumfikiria mnunuzi. Wa kwake mwenyewe. Alisema kazi ya namna hiyo ndiyo inayomwonyesha msanii alivyo.

Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshamuuliza swali langu. Nilimuuliza kama yule mwalimu wa nidhamu bado yupo. Akasema yupo, sasa ni makamu mkuu wa shule, na ndiye atakayewakaribisha wageni siku ya ufunguzi.

Nikasema, "Upo mmoja. Ngoja."

Nikaingia chumbani kwa mama. Nilisoma Bismillahi kabla ya kufungua kasha, fikiria, kama mtu anayechinja. Sanda ilikuwa juu. Niliitoa, nikaiweka kitandani, nikatoa mkeka, nikairudisha sanda na pamba vilevile vilivyokuwa. Nilikuwa nimeshajipangia hesabu zangu zote. Maonyesho ni wiki sita. Mama hafungui kasha lile ila mwezi wa Shaabani, kulipepea. Magoti yanamuuma, hatakwenda shuleni. Nitakwenda mimi kwa niaba yake, nitaketi mbele, nitamwamkia makamu mkuu nikiwa nimevaa vizuri, na nyuma yangu kutakuwa na kitu ambacho hata yeye hawezi kukicheka.

Mwalimu alipokunjua ule mkeka hakupiga picha. Aliupitishia kiganja kutoka kona moja hadi nyingine. Rangi yake ilikuwa ya mchele uliopetwa. Akauliza ni wa shughuli gani. Nikasema wa ndani tu.

Kulikuwa na fomu, na niliisoma, nisisingizie. Iliandikwa kwamba kazi moja itabaki shuleni na itapakwa dawa ya kuikinga na unyevu na wadudu. Nikauliza ni ipi itakayobaki. Akasema wanafunzi ndio hupiga kura. Nikajiambia watoto ni watoto, watachagua wenye rangi nyingi. Penye sahihi ya msanii au mwakilishi wake, nikatia yangu.

Mama alirudi siku mbili kabla ya ufunguzi, na aliposikia kwamba gari litamfuata mlangoni, magoti yakapona. Nilijaribu kila njia. Nikamwambia jua kali. Nikamwambia kuna hotuba ndefu. Nikamwambia wanafunzi wa siku hizi hawana adabu. Alikuwa anapiga pasi kanga mpya, hata hakuinua kichwa.

"Gari linakuja kunichukua mimi, mimi, halafu niwaambie sina miguu?"

Nilikuwa na muda wa kusema. Tangu alasiri aliyorudi mpaka asubuhi ya pili yake nilikuwa na muda, tena tulikula sahani moja. Nilichofanya ni kutuma ujumbe kwa mwalimu kumwomba autoe ule mweupe ukutani. Hakujibu, alikuwa anahangaika na viti. Ujumbe haujibiwi, nikaacha, kana kwamba nimemaliza wajibu wangu.

Tukafika. Makamu mkuu alikuwa mlangoni na suti yake. Nilikuwa nimeisubiri dakika hiyo miaka tisa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono kwa heshima zote, akasema karibu sana mama, mmetuletea hazina. Hakunikumbuka. Niliutafuta usoni mwake ule mstari wa asubuhi nisiuone. Kwake ilikuwa Jumatatu kama Jumatatu nyingine. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba, na katika hasira hiyo nikamwachia mama atangulie kuingia.

Ukuta wa mbele ulikuwa mtupu isipokuwa mkeka huo mmoja. Ile minne waliitundika pembeni. Wanafunzi walikuwa wamepiga kura, na wamechagua mweupe, na walikwisha kuupaka vanishi, mara mbili, kwa uangalifu mkubwa. Uling'aa. Chumba kizima kilinuka vanishi. Chini yake kulikuwa na kadi yenye jina la mama na picha ya mikono yake, niliyomtumia mwalimu kutoka simu yangu.

Mama alisimama. Nilikuwa nyuma yake, sikumwona uso. Niliona bega lake la kushoto likishuka kidogo, kama mtu aliyepokonywa ndoo. Watu wakapiga makofi wakidhani amezidiwa na furaha. Mwalimu akamshika mkono akampeleka kwenye kiti, naye akaenda, akakaa, akaweka mikono mapajani.

Wakaanza maswali. Aliulizwa ukindu unakatwa wapi, akajibu. Aliulizwa alifundishwa na nani, akasema na bibi yake kule Mchinga, kwa makofi na sio haya mnayonipigia, watoto wakacheka. Nilianza kupumua. Ndipo akasimama binti mmoja wa kidato cha pili, mrefu, mwenye miwani.

"Shikamoo bibi. Ule mweupe uliusuka kwa ajili gani?"

"Marahaba mjukuu wangu."

Akainuka polepole, akauendea ukuta. Akaugonga mkeka kwa ukucha. Ulilia kama bati. Akasimama pale akiwa ametugeuzia mgongo muda ambao nilitamani ardhi ipasuke, na sisemi hivi kwa kupamba, nilikuwa naitazama sakafu kweli.

Kisha akageuka, akasema, "Ni wa wageni. Mgeni wa heshima akija, unamtandikia huo."

Wakaandika kwenye madaftari yao. Wa wageni. Mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kwenye hotuba yake akausemea ukarimu wa watu wa pwani. Mama yangu, ambaye nikiwa mtoto alinichapa kwa kudanganya nimekula kumbe sijala, alisimama mbele ya watu wote akadanganya ili mimi nisiumbuke.

Wakampa zawadi yake, vitendea kazi: furushi kubwa la ukindu mkavu, rangi pakiti nyingi, na shazia mpya tatu, zile sindano nene za kushonea mikeka. Furushi akalipakata njia nzima hadi Mitwero. Dereva alikuwa anatupongeza. Mimi ndiye niliyekuwa namjibu.

Nyumbani alilifungua kasha kwanza, akaangalia, akalifunga. Akaniita.

"Sanda uliiona?"

"Niliiona mama."

"Na pamba?"

"Niliiona."

"Kumbe mimi nilikwisha kufa," akasema. "Mlikuwa hamjaniambia tu."

Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, mtoto anaangalia. Baada ya hapo alizungumza Kimachinga peke yake jikoni, lugha anayoirudia akiwa na uchungu, akijua kwamba mimi naielewa nusu tu. Nusu niliyoielewa ilinitosha.

Asubuhi nikaenda shuleni kuuchukua mkeka niurudishe nyumbani. Hapa napo nina aibu ya pili, tena nadhani ni mbaya kuliko ya kwanza. Sikumwambia mwalimu ukweli. Nilisema mkeka ni wa ukoo, mama amebadili mawazo. Akaniuliza mbona jana hakusema. Nikasema ni mzee, wazee ndivyo walivyo. Nilimtupia mama lawama hiyo nayo, mchana kweupe. Mwalimu hakubisha hata neno. Akasema kazi ni ya msanii, kura ya wanafunzi haiwezi kushinda neno la mwenyewe, akaenda kuchukua ngazi. Tukautoa ukutani tukauweka chini, tukaanza kuukunja. Ulipasuka. Sio ukili ulioachana, la, ukindu wenyewe ulikatika, pa, pa, pa, kama biskuti, ufa kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Tukaukunjua haraka. Mwalimu aliweka mkono mdomoni. Aliniomba radhi, yeye ananiomba radhi mimi, na mimi nikaipokea.

Tukautundika tena na ufa wake. Nikarudi nikamwambia mama kwamba haukunjiki.

Akasema alijua tangu alipougonga.

Siku zile alianza mwingine. Alikaa barazani na furushi la shule, akachana ukindu, akausuka. Vidole vyake vinajua kazi, lakini macho yana ukungu, mtoto wa jicho keshakaa yote mawili. Mikeka ya rangi bado alikuwa anaimudu kwa sababu nyekundu na zambarau zinamwonyesha njia. Mweupe juu ya mweupe hauoni. Aliusuka wiki nzima ukili ambao ningeweza kuupitisha kidole katikati yake, na aliupapasa, akajua, akaufumua wote. Akaanza tena. Akaufumua. Mara ya tatu nilimkuta amekaa tu, nyuzi za ukindu mapajani, na binti yangu anamuuliza bibi leo husuki.

Kwa hiyo nalisema wazi nililomfanyia mama yangu. Nilimwachia kufa bila mkeka. Watamwazimia wa plastiki wenye maua, kama wa baba, udongo utapita pembeni, na yeye anajua hivyo kila anapolala.

"Ausuke mwenyewe au mtoto aliyemzaa," nikamwambia. "Nifundishe."

Alicheka kicheko kibaya. Nilipokuwa na miaka kumi, kumi na moja, alinikalisha mara ngapi, na mara ngapi nilimjibu kwamba mimi nasoma, mikeka ni ya wasiosoma. Alinikumbusha neno kwa neno. Halafu akasema Alhamisi anaanza kufundisha pale shuleni, alikwisha kumwahidi mwalimu.

"Utakuja huko. Utakaa na wenzio."

Nikamwambia mama, tuna baraza letu hapa, kwa nini nikakae na watoto wa shule. Akasema hapa nyumbani una genge, una simu, una mdomo. Kule utakaa.

Basi Alhamisi nilifunga genge saa tisa. Nilipita geti lile, nikaketi sakafuni katika stoo ile, kati ya wasichana wa kidato cha pili na wavulana wawili, wote wana sketi na suruali za shule, mimi na dera langu. Mbele yetu, juu ya kichwa cha mama, mkeka na ufa wake. Kadi ilikuwa imeongezewa maneno: Mkeka wa kumtandikia mgeni wa heshima.

Mama akawagawia ukindu wa rangi. Mimi akanipa mweupe, uliochanwa mwembamba kama uzi.

Wale watoto walinishinda. Kufikia Alhamisi ya tatu kuna msichana aliyekuwa na ukili wa pima moja, umenyooka, na mimi nilikuwa na kitu kama mkia wa panya. Mama alikuwa akipita, anaupapasa wa kila mtu. Kwao anasema vizuri mjukuu wangu, hapa umebana mno. Akifika kwangu anasema neno moja: fumua. Wakanizoea, wakawa wanalisema wao kabla yake, kwa kunong'ona, wanacheka. Makamu mkuu alipita siku moja akachungulia mlangoni, akaniuliza nami najifunza. Nikasema najifunza, na huyo akaenda zake, na kwa mara ya kwanza sikujali kama ananikumbuka au la. Nilikuwa nahesabu nyuzi.

Alhamisi ya tano yule binti mwenye miwani aligeuka kunitazama. Alikuwa amekaa ubavuni pangu siku zote.

"Anti, mbona wewe peke yako hutii rangi? Unasuka wa wageni kama ule?"

Hakuwa na ubaya. Mwalimu alikuwa kwenye kona, anaandika. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, mkono juu ya ukili wa mtoto mwingine, na niliona ule mkono unasimama. Angenijibia. Ninamjua, alikuwa ameshafungua mdomo kunijibia, aliongeze lile lake la mwanzo.

Nikasema, "Ule sio wa wageni. Ni mkeka wa kumzikia mama yangu, alijisukia mwenyewe. Mimi niliuiba kashani nikawapeni mkautundika. Huu nausuka badala yake, maana yeye haoni tena."

Mwalimu akasimama, kalamu ikamdondoka. Yule binti akavua miwani, akautazama ukuta, kisha akatazama mikono yake mwenyewe, na nikajua anafikiria brashi. Nadhani alikuwa mmoja wa waliopaka. Nilikuwa na ghadhabu, sijui kwa nani, na machozi yananidondokea juu ya ukindu, kitu ambacho kwa huo mkeka hakifai.

Mwalimu alikuja akapiga magoti mbele ya mama, akamshika miguu, akamwomba radhi. Akasema atautoa sasa hivi, na kadi, na kila kitu.

"Wewe mwanangu hukujua," mama akasema. "Aliyejua kasema. Uache hapo hapo, mimi utanisaidia nini tena? Hiyo karatasi ya chini ndiyo muibadilishe."

Mwalimu akaniletea kadi tupu na kalamu, akasema ni haki niandike mimi. Niliandika mkeka ni wa nini, na nani aliusuka, na kwamba ulichukuliwa bila idhini yake. Sikujiandika jina. Mama akaniuliza nimeandika nini, nikamsomea, akaniuliza aliyeuchukua yuko wapi hapo. Nikaongeza: na binti yake.

Yule mwenye miwani aliuliza kama na wao wanaweza kumsaidia bibi kuusuka, wakigawana ukili utaisha kabla ya likizo. Mama akamwambia kuchana wanaweza, kuloweka wanaweza, wachague nyuzi zilizo sawa wamletee. Kusuka hapana. Wakaanza kugombania furushi.

Kisha akaketi mbele yangu, akauvuta ukili wangu mapajani mwake, akaupapasa kutoka mwanzo. Vidole vikapita, vikapita, nikaanza kuhesabu moyoni ni urefu gani huo umekubaliwa, robo ya pima, karibu nusu. Vikasimama.

"Hapa," akasema. "Fumua mpaka hapa."

Nikaanza kufumua.